Kukaza viungo vya Transformers vilivyolegea (na kung'oa skurubu iliyoshika kutu)

"Mjomba, hasimami!" Mpwa wangu alinijia na Bumblebee wake, roboti wa kuchezea wa Transformers anayegeuzwa gari, miguu inaning'inia kama ya pweza. Ni yule wa enzi ya filamu ya 2007, anayegeuka gari aina ya Camaro, ya manjano. Mtoto amekulia Langoni, mtaa wa hapa Lamu, kwenye punda, magari anayaona akivuka Mokowe, ng'ambo bara, lakini muulize milango ya Camaro inakwenda wapi roboti akisimama, atakujibu kabla hujamaliza swali.

1. Kagua. Kama mwanasesere wako ni wa mwishoni mwa miaka ya 1980 au wa 1990 na ana plastiki ya dhahabu yenye mawimbi ya kumetameta, mwache kabatini. Plastiki ile huoza yenyewe na hupasuka ukiikunja tu. Haina dawa.

2. Fungua. Piga picha kwa simu kila skurubu inapotoka.

Hapo ndipo mimi nilipomaliza Jumamosi nzima, kwa skurubu moja ya paja. Hewa ya chumvi ya Lamu haimwachi mtu. Nahodha mmoja wa boti alinishauri nitie petroli, "inalegeza kila kitu." Kweli ililegeza, na plastiki nayo ikalainika, ikabaki na alama ya kidole changu mpaka leo. Usitie petroli. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, juu ya kichwa cha skurubu, ulaze usiku kucha. Asubuhi sugua kutu kwa mswaki mkuukuu. Chukua bisibisi ndogo ya nyota inayojaa barabara kwenye tundu. Zile za seti ya bei ya chini ncha hulika kabla ya skurubu, afadhali ununue moja nzuri. Kandamiza kwa nguvu, zungusha kidogo. Jaribu kwanza kukaza kama unywele, ndipo ulegeze: kutu hukatika kwa kwenda na kurudi. Kichwa kikiwa kimeshalika, weka kipande cha mpira wa bendi kati yake na bisibisi. Ikikataa bado, rudia mafuta, ulale tena. Ukikasirika utapasua paja.

3. Kaza. Chomoa kiungo cha tufe, yaani chenye kichwa cha mviringo kinachoingia tunduni, futa mafuta yote, paka tufe rangi ya kucha isiyo na rangi, mara moja, nyembamba. Iache ikauke kabisa, mimi huacha siku nzima; ukirudisha mbichi umegandisha goti. Bado linacheza? Paka tena. Ukikosea, usifute kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, nayo hula plastiki. Wapo wanaotumia supagluu. Mimi siitaki, kosa moja tu na mkono hauinuki tena.

Njia hii haiwafai wengi wa Transformers wa mwanzo wa 1984, ambao viungo vyao ni vya pini. Tufe zilienea hasa na Beast Wars, toleo la Transformers wanaogeuka wanyama, 1996.

4. Funga. Skurubu zenye kutu tupa, weka mpya za urefu uleule. Plastiki ikianza kulia, simama.

Bumblebee amesimama dirishani tangu Jumatatu. Dada yangu bado anaulizia chupa yake ya rangi.