Kabla King'ora Hakijalia: Maandalizi ya Kituo cha Mpakani Dhidi ya Magendo ya Nyuklia

Mwezi Mei 1999, katika kituo cha mpakani cha Ruse nchini Bulgaria, maofisa forodha walilitilia shaka gari dogo na kulipekua, na ndani ya pampu ya upepo iliyokuwa kwenye buti wakakuta chombo cha madini ya risasi kilichoficha takriban gramu 10 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, yaani ya aina inayoweza kutengenezea bomu la nyuklia. Ninaanza na gari hilo kwa sababu vituo vingi vikishafungiwa nguzo za kupimia mionzi huona maandalizi yamekwisha, ilhali urani ya aina hiyo hutoa mionzi hafifu ambayo risasi huizuia kwa urahisi. Ofisa anayesoma nyaraka kwa makini na kumtazama dereva usoni ni kinga ambayo haina mbadala.

Kabla ya yote, kituo kijue kwa kina shehena zinazokipitia kila siku. Chukua mfano wa Tunduma, ambako malori ya shaba na kobalti kutoka Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), huingia Tanzania kupitia Zambia yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Ukanda huo wa Katanga ndimo ulimo mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, na miamba ya huko inaweza kuwa na urani asilia iliyochanganyika na madini mengine. Zaidi ya hapo, mbolea ya potashi, vigae, na hata abiria aliyetoka kutibiwa tezi la shingo kwa iodini yenye mionzi, vyote vinaweza kuliza king'ora bila ya kosa la mtu yeyote. Kituo kisichoweka kumbukumbu za viwango vya kawaida vya kila aina ya mzigo kitalemewa na ving'ora hivyo, na mwishowe ofisa aliyechoka atakizima kile kimoja kilichokuwa cha kweli. Mazoea ya namna hiyo yananitia hofu kuliko ujanja wa msafirisha magendo.

Utaratibu wa kufuata king'ora kinapolia uandikwe mapema, kwa lugha ambayo hata mlinzi wa geti anaielewa: gari lipitishwe tena taratibu, lisogezwe eneo la pembeni, kisha chanzo kitafutwe kwa kipimo cha mkononi kinachotambua aina ya mionzi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikiwa kipimo kinazidi milisiveti 0.1 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa saa kwenye umbali wa mita 1, au ikiwa nyutroni, chembe zinazoweza kuashiria nyenzo za nyuklia, zimegunduliwa, maofisa warudi nyuma, wazuie watu na kuwaita wataalamu, bila kufungua chochote. Mjini Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu 4 walifariki baada ya chanzo cha sesiamu, metali yenye mionzi, kilichoachwa katika kliniki kubomolewa na watu wasiojua ni kitu gani.

Namba ya simu ya mtaalamu wa zamu ibandikwe ukutani, na ipigwe kwa majaribio usiku wa manane, si saa nne asubuhi tu. Kwa Tanzania msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya sheria ya mwaka 2003, lakini polisi na upande wa pili wa mpaka, Nakonde nchini Zambia, nao wawe wamekubaliana mapema nani anashika nini, kwani lori likirudishwa tu lilikotoka, mzigo utatafuta njia ya panya.

Mwisho ni ushahidi. Chombo kilichokamatwa kipigwe picha kikiwa pale pale kilipokutwa, na kila anayekipokea aandike jina, saa na sahihi yake, ili maabara iweze kufuatilia asili ya nyenzo hiyo na mahakama isije ikamwachia mtuhumiwa kwa sababu ya daftari lililokosa ukurasa mmoja.