Mpango mkakati wa shirika la elimu ya uraia: anzieni kwenye Katiba, pangeni kwa kalenda ya kaunti

Mipango mikakati mingi ya mashirika ya elimu ya uraia nchini Kenya hunukuu Katiba ya 2010 kwenye ukurasa wa kwanza, kisha Katiba haionekani tena hadi mwisho. Matokeo yake ni kwamba shughuli hupangwa kwa kufuata fedha zilizopo. Ukitaka misingi iongoze kazi, ianze kuandikwa kabla ya dira, dhamira na bajeti.

Chagueni vifungu vitatu tu. Kwa shirika linalohudumia kaunti moja, tunapendekeza cha 1 (mamlaka yote ni ya wananchi), cha 35 (haki ya kupata habari) na cha 201 (uwazi na ushiriki katika fedha za umma). Kifungu cha 10, chenye maadili ya kitaifa, ni kipana mno kupangiwa kazi peke yake. Kitumieni kupimia mwenendo wa shirika lenyewe. Wanaobeba vifungu kumi huvigusia vyote kwenye warsha ya siku moja, na mshiriki hurudi nyumbani na kalamu na kijitabu, basi.

Kaeni watu saba kwa siku mbili: mkurugenzi, mwanabodi mmoja, mhasibu, waelimishaji wawili wa nyanjani na wakazi wawili wa wadi mnazohudumia. Kwa kila kifungu andikeni mwananchi atafanya nini ambacho hakuwa akikifanya, na ni ushahidi gani utaonyesha amekifanya. "Kuongeza uelewa" halikubaliki kama jibu, kwa sababu hakuna awezaye kulikagua. Kwa Kifungu cha 35, jibu zuri ni hili: mkazi ameiandikia kaunti barua kuomba orodha ya miradi ya wadi yake, na nakala aliyobaki nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Bila muhuri, siku hizo hazina pa kuanzia kuhesabiwa, na ofisi inaweza kusema barua haikufika. Wafundisheni watu kwenda na nakala mbili.

Kisha bandikeni kalenda ya bajeti ukutani. Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha (inayoweka viwango vya fedha za kila idara) Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Shirika linalopanga kuanzia Januari hadi Desemba hujikuta likifundisha bajeti mwezi Mei, wakati viwango vya fedha za kila idara vimeshawekwa na kilichobaki ni kusogeza vijisehemu. Mwananchi anasema, hasikizwi, na mwaka unaofuata haji. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya fedha.

Hesabuni kurudi nyuma. Tuseme mna wadi 20 na kila moja inahitaji mikutano 4: hiyo ni mikutano 80. Waelimishaji 4, kila mmoja akiendesha miwili kwa wiki (zaidi ya hapo maandalizi huzorota), watamaliza kwa wiki 10. Maoni yanapaswa kuwa yamekusanywa kufikia Januari 31 ili yaandikwe na kuwasilishwa kabla ya Februari 28. Ongezeni wiki 2 za Krismasi na Mwaka Mpya, na mtaona lazima muanze takriban Novemba 8. Mkiwa na waelimishaji 2 tu, punguzeni wadi ziwe 10. Msipunguze mikutano, maana mmoja hautoshi kumfikisha mtu kwenye kuandika barua.

Kabla ya kufunga ratiba, zungumzeni na kitengo cha elimu ya uraia ambacho kila kaunti inatakiwa kuwa nacho chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, msije mkaita watu siku moja na baraza lao.

Kwenye fedha, andikeni mapema mtakayoyakataa. Ufadhili unaotaka mbadilishe wadi katikati ya mzunguko, au unaolipa kwa idadi ya waliohudhuria pekee, utawang'oa kwenye vifungu vyenu taratibu bila mtu kugundua. Msaada wa mwanasiasa hauna mjadala: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inakataza shirika kumpigia debe mgombea. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, kwa hiyo mpango ueleze mwelimishaji anayetaka kugombea ataachia kazi lini.

Kila baada ya miezi mitatu, fungueni faili la nakala zenye muhuri mkiwa na wale wakazi wawili. Wadi isiyo na hata moja baada ya mikutano minne, nendeni mkaulize kilichokwama: mara nyingi ni nauli ya kufika makao makuu ya kaunti, na tiba yake ni kumtuma mtu mmoja apeleke barua za kikundi kizima.