Jinsi ya kujua nani hasa hakupiga kura mtaani kwenu

Kila uchaguzi ukiisha, barza zetu hapa Kisauni, Mombasa, hutoa hukumu moja: vijana ni wavivu. Mimi nimekaa kwenye vyumba vya kupigia kura kama wakala, na hukumu hiyo siikubali bila hesabu.

Anza na Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais, ya kila chumba cha kituo chenu. Baada ya uchaguzi wa 9 Agosti 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka mtandaoni. Chukua kura halali, ongeza zilizokataliwa, gawanya kwa waliosajiliwa. Tuseme chumba kina watu 620, kura halali 281, zilizokataliwa 4: waliojitokeza ni 285, yaani asilimia 46. Usishtuke. Nchi nzima mwaka huo ilikuwa kama asilimia 65, ila Mombasa haikufika hata nusu.

Umri na jinsia fomu haisemi. Wala usibahatishe kwamba chumba fulani cha shule ndicho cha vijana, maana watu hugawanywa kwa herufi za majina.

Kwa hayo itabidi upige hodi. Ingia kila nyumba ya kumi, usizunguke kwa jamaa zako tu. Uliza kwa mpangilio huu: una kitambulisho? Umejiandikisha kituo gani? Siku ile ulikwenda? Ukianza na la mwisho, mtaa mzima ulikwenda! Watu huona haya. Kwa hiyo mimi huuliza foleni ilikuwaje. Aliyekwenda atakusimulia jua, karani mkali na mashine iliyokataa alama za vidole vyake, ambaye hakwenda atakwambia "ilikuwa sawa tu."

Ukishapanga majibu kwa umri, ule uvivu huanza kuchambuka. Msichana wa miaka 19 anayesubiri kitambulisho hayumo kabisa kwenye wale 620, kwa hiyo si yeye aliyeshusha asilimia. Sajili ilipanda kutoka milioni 19.6 mwaka 2017 hadi milioni 22.1 mwaka 2022, lakini vijana wa miaka 18 hadi 34 walipungua, wakawa asilimia 39.84 tu. Wasiojiandikisha foleni hawakuifikia.

Kwa wazee kasoro ni nyingine. Ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta marehemu zaidi ya laki mbili, na marehemu asiyeondolewa kwenye sajili huhesabiwa kama mtu aliyebaki nyumbani. Mpangaji aliyejiandikisha kwao bara mpe safu yake peke yake. Akikwambia hakwenda, muulize nauli ilikuwa shilingi ngapi wiki ile.

Majina usiandike, na mtu alimpigia nani kura usimuulize. Umri, jinsia na majibu matatu vinatosha. Mtaa ukishasikia unakusanya majina, hakuna atakayekufungulia mlango.