Kidaka cha soketi nyuma ya TV ya ukutani: kupima, kuchimba na kufunga

TV ikishatundikwa, soketi ya kawaida iliyo nyuma yake inageuka kero. Plagi ya pini tatu inachomoza sentimita 3 hadi 4 kutoka usoni mwa soketi, wakati breketi bapa inaiacha TV sentimita 2 au 3 tu kutoka ukutani. TV inakaa upande, au inaikandamiza plagi mpaka soketi inalegea na kuanza kupata moto. Dawa yake ni kidaka: soketi izame ndani ya ukuta. Hapa nazungumzia ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 uliopigwa lipu, kama ulivyo kwenye nyumba nyingi za kwetu.

Kuunga nyaya mwachie fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Kupima, kuchimba na kupiga lipu unaweza mwenyewe.

1. Pima kwanza

Laza TV kifudifudi juu ya godoro na utazame matundu ya HDMI, ya antena na ya umeme yako upande gani. Kumbuka kwamba kilicho kulia ukiitazama kwa nyuma kitakuwa kushoto ukikaa sebuleni. Funga breketi kwenye TV, kisha pima umbali kutoka matundu ya skrubu hadi kingo zote nne. Kwa anayekaa kwenye kochi, katikati ya kioo pafae kuwa kama sentimita 110 kutoka sakafuni.

Chora TV nzima ukutani kwa penseli, halafu breketi, halafu kidaka. Kidaka kikae pembeni ya bamba la breketi na kifichwe kabisa na TV. Sentimita 25 kwa 20 zinatosha soketi dabo pamoja na mdomo wa bomba la nyaya za picha.

Usichimbe kwenye nguzo, kwenye linta, wala karibu na ukingo wa mlango au dirisha. Ingia pia chumba cha pili uangalie upande wa pili wa ukuta. Kama kuna soketi au swichi mahali hapohapo, sogeza kidaka.

2. Njia ya waya ishuke wima

Chagua mahali ambapo chini yake tayari kuna soketi, kisha shusha mfereji moja kwa moja hadi hapo. Ukipitisha waya mshazari ili kuokoa nusu mita, atakayekuja kutoboa ukuta baadaye hatakuwa na namna ya kujua waya ulipo. Kuna sababu ya pili, nayo ni uimara wa ukuta. Kina cha mfereji wa wima kisizidi theluthi moja ya unene wa tofali, na cha mfereji wa mlalo kisizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6, hizo ni milimita 50 kwa wima na 25 tu kwa mlalo.

3. Kuchimba

Zima meni swichi na uhakikishe kwa testa, ambayo umeijaribu kwanza mahali penye umeme. Vaa miwani na barakoa. Kata mistari miwili kwa grinda, kisha ng'oa katikati kwa patasi na nyundo, ukipiga kidogokidogo. Nyundo nzito inatikisa lipu ya chumba cha pili na kuiacha na nyufa.

Kina cha kidaka kiwe sentimita 4.5 kutoka usoni mwa lipu, na ndani yake chimba nafasi ya boksi la chuma la milimita 35.

4. Mabomba mawili, yasikaribiane

Umeme upite kwenye bomba la milimita 20. HDMI, waya wa dishi na waya wa intaneti vipite kwenye bomba la PVC la milimita 40, mbali na la umeme kwa sentimita 10 au zaidi, likishuka hadi kwenye kabati la king'amuzi. Kichwa cha HDMI kina upana wa zaidi ya sentimita 2, kwa hiyo bomba la milimita 20 hakipiti. Penye kona tumia viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90, la sivyo kebo itakwama humo. Ingiza kamba ya kuvutia kabla ya kuziba.

Waya laini uliokuja na TV usiufukie ukutani. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

5. Boksi na lipu

Mwagia mfereji maji kwanza. Tofali kavu likinyonya maji ya udongo wa saruji, lipu haishiki. Simika boksi kwa udongo wa moja kwa nne, lipime kwa pima maji, na juu ya bomba la milimita 40 tandaza wavu wa kuku kabla ya lipu ili ufa usijitokeze. Iache ikomae, ukiinyunyizia maji kila siku kwa siku kadhaa.

6. Nyaya

Tumia waya wa 2.5mm: laivu ya kahawia, nyutro ya bluu, ethi ya kijani na njano. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani. Ethi iende kwenye soketi, kisha kipande kifupi kitoke hapo hadi kwenye skrubu ya boksi lenyewe. Mafundi wengi wanaruka kipande hiki, na chuma kinabaki bila kinga. Kabla ya kuunga soketi, fundi apime nyaya kwa mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupima kama ganda la waya linazuia umeme kuvuja. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiwashe, tafuta waya uliochubuka.

7. Kutundika

Kama TV ilikuja na plagi ya pini mbili, usiweke adapta, kwani inaongeza urefu na kidaka chote kinakosa maana. Badilisha na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3 au 5. Chomeka kila kitu TV ikiwa bado mikononi mwa msaidizi, iwashe, jaribu kila HDMI, ndipo uikaze kwenye breketi. Kamba ya kuvutia iache ndani ya bomba kwa kebo zitakazoongezwa baadaye.