Kisanduku cha Kimaori: Kipindue Kwanza

Ukiletewa kisanduku cha mti chenye nakshi za Kimaori, yaani za Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, usianze na kifuniko. Kipindue, utazame chini.

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Lamu. Kazi yangu ni milango na makasha, ila wenye nyumba za Shela huniletea vitu walivyoachiwa na wageni, na humo hutokea visanduku vya Nyuzilandi. Watu wakiona mti mweusi na nyuso zilizotoa ndimi huamini ni vya kale. Vingi vilichongwa kwa ajili ya watalii.

Wamaori walikuwa na kisanduku kiitwacho wakahuia, chenye umbo la mtumbwi, cha kuwekea mapambo ya wakubwa: vitana, vidani vya jiwe la kijani, na manyoya ya huia, ndege ambaye mara ya mwisho kuonekana kwa yakini ilikuwa 1907. Kilichogusa kichwa cha mkubwa kilikuwa na mwiko mzito, hakikuachwa ovyo. Basi kisanduku kilining'inizwa juu, kwenye boriti, na aliyekaa chini alikiona tumbo. Ndiyo maana fundi alichonga kote, chini sawasawa na juu. Kuna pia papahou, cha mstatili na kifupi kwa kimo, nacho hivyo hivyo.

Cha mtalii kilitengenezwa kikae mezani. Chini utakuta ubao mtupu, au miguu minne, au kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Alama hii naiamini kuliko zote.

Kisha tazama kifuniko. Cha asili hukaa ndani ya ukingo na kufungwa kwa kamba. Vichwa vilivyochongwa kwenye ncha mbili ndivyo vya kushikia. Bawaba za shaba, au neno Kia Ora, salamu ya Kimaori, limechongwa juu, ni kazi ya watalii.

Sasa pitisha kidole katika nakshi, na hapa usiwe na haraka. Ule mtindo wa mistari sambamba yenye safu ya meno katikati huitwa rauponga. Mkono wa mtu haurudii jino lile lile: moja limezama, la pili limeinama kidogo, na penye fundo la mti patasi imekwepa. Mashine huchimba kina kimoja mwanzo hadi mwisho, na mfereji wake huishia mviringo. Lakini usiseme "kimechongwa kwa chuma, basi si cha kale." Baharia Mwingereza James Cook alifika kule 1769, na mafundi wakaanza kutumia zana za chuma, kwa hiyo kazi nyingi nzuri za zamani zilichongwa kwa chuma.

Macho ya kombe la paua, lile la buluu na kijani, hayaamui kitu peke yake. Rangi husema zaidi. Weusi wa miaka hutoka kwa moshi na mikono, kwa hiyo penye kushikwa pamelainika. Rangi ya kupaka imejaa sawa kila pembe, na chini ya ukingo wa kifuniko mti bado mweupe.

Wala usikidharau cha mtalii. Tene Waitere, Mmaori wa kabila la Ngāti Tarāwhai, aliyefariki 1931, alichonga nyumba za mikutano na akachonga pia kwa wageni wa Rotorua, mji wa watalii wa Nyuzilandi, na huyo ni bingwa kwa kipimo chochote. Ikiwa chini ni kutupu lakini meno yana uhai, tafuta jina au karatasi ya duka, kisha uandike wazi: kazi ya watalii, ya mkono.

Na kama kimechongwa pande zote, weka msasa na vanishi mbali. Kipige picha kila upande, rula ikiwa kando, uzipeleke kwa wataalamu wa makumbusho ya Te Papa, Wellington, huko Nyuzilandi. Wakati ukisubiri, usitie tende wala halua ndani yake: kwa Wamaori chakula hakikutanishwi na vitu vya kichwa.