SOMO: Kigoda cha kwanza, na vidole vyote kumi

Naandika mara moja, na kila atakayeniuliza tena nitamleta hapa. Kila likizo vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wa mafunzo ya kazini, wakifika karakanani swali ni lile lile: "Fundi, nianze na mashine gani?" Huanzi na mashine. Unaanza na penseli, na sababu yake iko hatua ya 5, kwa hivyo usiruke.

Kazi yetu ni kigoda cha barazani, miguu minne, mbao ya saipresi.

1. Andika nani atakikalia. "Kigoda kizuri" si jibu. Ni bibi wa kukaa kumenya vitunguu, au mtoto wa nasari? Mpime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Watu wazima wengi huangukia karibu sm 40 hadi 45.

2. Chora haraka haraka, michoro mitatu au minne. Chagua mmoja.

3. Mchoro wa vipimo: mbele, ubavu na juu, kwa skeli ya 1:5. Mbao inayouzwa kwa jina la 2 kwa 2 ikishapigwa randa huwa si inchi mbili tena. Pima iliyo mkononi mwako, halafu ndio uandike. Matundu ya ulimi (ncha ya mbao moja inayoingia kwenye tundu la nyingine) yanayokataa kuingiliana asili yake ni hapa.

4. Tengeneza mfano wa katoni. Dakika chache, na utaona kama miguu imekaribiana mno.

5. Orodha ya kukata. Hapa taratibu.

Andika kila kipande: urefu, upana, unene, idadi. Kila mkato unakula karibu milimita 3 za mbao, ziongeze. Kisha, na hili ndilo wanafunzi huliona ni la kupoteza wakati, andika utaratibu: kipi kinapasuliwa kwanza, kufuata nyuzi za mbao, kipi kinakatwa baadaye, kukingama nyuzi. Kigoda kina vipande vinne vya kufunga miguu, kila kimoja cha sm 25. Asiyepanga atakata vinne vifupi kwanza, halafu aone ni vipana mno, halafu avipeleke kimoja kimoja kwenye mashine ya kupasulia, ile yenye bledi ya mviringo inayotokeza juu ya meza. Aliyepanga atapasua mbao moja ndefu hadi upana anaoutaka, kisha akate vipande kwa msumeno wa mkono. Kigoda ni kile kile, ila wa kwanza amepitisha vidole jirani na bledi mara nne bila haja.

Sasa hesabu. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu kilomita 190 kwa saa. Treni ya abiria ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi mwisho wake ni 120. Meno ya mbele yanashuka kuelekea mezani, ya nyuma yanapanda. Mbao ikijipinda kidogo ikabanwa kati ya bledi na ukingo wa kuongozea (reli ya mezani ambayo mbao huegemea ikisukumwa), meno ya nyuma yanaiinua na kukurushia. Kipande kifupi ndicho hujipinda upesi, kwa sababu hakina urefu wa kulala kwenye ukingo. Na mkono uliokuwa ukisukuma huweza kuvutwa kule kule kwenye bledi. Usijidanganye kwamba utawahi kuutoa.

Kwa hivyo:
– Simama pembeni kidogo, si nyuma ya mbao.
– Mbao iliyopinda haipiti mpaka upande mmoja unyooshwe kwa randa.
– Ukikata kukingama nyuzi, usitumie ukingo wa kuongozea kuwa kizuizi cha urefu. Kipande kikikatika kitanaswa.
– Meno yatokeze juu ya mbao kidogo tu.
– Kile kibati kinachosimama nyuma ya bledi kinauzuia mpasuo usijifunge. Mafundi hukitoa wakidai kinawachelewesha. Kisitolewe.
– Mwisho wa mbao ni wa fimbo ya kusukumia, si wa vidole.
– Kipande kifupi kuliko futi moja ni cha msumeno wa mkono, basi.

6. Mavazi na stima. Kanzu, mtandio unaoning'inia, pete, ndara: vyote nje. Miwani ya kukinga macho, ndani. Na hili la kwetu: stima ikipotea ukiwa kazini, zima swichi ya mashine saa hiyo hiyo. Mashine nyingi za mitaani hazina swichi ya kujizima. Stima ikirudi na wewe umeinama kufagia vumbi, inaanza yenyewe.

7. Patasi: mbao kwenye jiriwa, mikono yote miwili nyuma ya makali. Inoe. Patasi butu inataka nguvu, na nguvu ikiteleza haijui inakokwenda.

8. Msasa, barakoa usoni. Shirika la utafiti wa saratani IARC liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Ukipaka mafuta ya kitani, usivikunje vitambaa ukavitupa pipani. Vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

9. Mkalishe yule wa hatua ya 1. Andika alichosema.

MASWALI

Chipukizi_Kisauni: Fundi nipe vipimo vya kigoda haraka, niko dukani.

Jibu: Hatua ya 1 na ya 3. Dukani huendi kabla ya hatua ya 5.

Chipukizi_Kisauni: Si ungeandika tu jamani.

Jibu: Simjui atakayekikalia.

Mzee_Majengo: Umesahau glovu. Usalama gani huo?

Jibu: Sikusahau, mzee wangu. Kwenye kitu kinachozunguka glovu ikinaswa inauvuta mkono wote. Zivae ukibeba mbao zenye vibanzi.

Abuu_Likoni: Mimi sina mashine, nina grainda. Nikiifunga bledi ya kukatia mbao?

Jibu: Usifanye. Grainda ndogo inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Meno yakinasa kwenye mbao inakuruka mkononi, na iko karibu na uso au paja. Chukua msumeno wa mkono.

Abuu_Likoni: Fundi wa kwetu anatumia kila siku.

Jibu: Basi muulize yeye.

Atachi_Changamwe: Nilipo wametoa kifuniko cha bledi. Nikisema wataniona mjuaji.

Jibu: Swali zuri, na si rahisi. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, kwa hivyo huombi fadhila. Lakini usianze na sheria. Mwambie bosi, "naomba unionyeshe kinavyofungwa nijifunze." Wengi hukirudisha. Akikataa, omba kazi za mkono, na mwambie mwalimu wako wa atachimenti.

Binti_Mvita: Shikamoo fundi. Nilitengeneza droo Januari, ikawa inateleza. Aprili ilikataa kufunguka. Vipimo nilihakiki.

Jibu: Marahaba binti yangu. Vipimo vyako vilikuwa sawa, kwa Januari. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, lakini huvimba kwa upana, kukingama nyuzi. Kwa urefu haiongezeki kwa kiasi cha kukusumbua. Uso wa droo nyuzi zake zimelala, kwa hivyo kilichoongezeka ni kimo. Kwenye mchoro wako acha upenyo wa milimita 3 hivi juu, na kabla ya kukata weka mbao wiki kadhaa ndani ya nyumba itakamokaa. Paka vanishi pande zote, hata ndani. Kwa sasa usiipige randa sana, masika yakipita utabaki na pengo.

Binti_Mvita: Ndio maana ubao wa kati wa mlango wa paneli haugundishwi?

Jibu: Ndio hasa! Umeachiwa mfereji ucheze humo. Ukiugundisha utapasuka.

Mzee_Majengo: Na asugue mshumaa panapoteleza droo.

Jibu: Naam, hata kwenye msumeno wa mkono na skrubu.

Abuu_Likoni: Mbao za paleti za bandarini zafaa kigoda?

Jibu: Hili sasa swali. Tafuta muhuri uliochomwa wenye alama ya suke la ngano. HT ni mbao iliyotibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB ni iliyofukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, iache. Isiyo na muhuri usiiingize ndani. Toa misumari yote kabla ya msumeno, pitisha sumaku uhakikishe, maana msumari uliokatika kichwa hauonekani.

Abuu_Likoni: Na mvule?

Jibu: Mzuri, ila vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa, mikono mirefu iliyobana, na kigoda cha kwanza kiwe cha saipresi. Mvule ni ghali kujifunzia.