Unasomea ualimu wa awali? Anza kukusanya vizibo

Wewe unayesomea ualimu wa elimu ya awali, usisubiri mazoezi ya kufundisha ndipo uhangaikie zana za kufundishia. Anza sasa: vizibo vya soda, magunzi, vijiti, maboksi ya sabuni. Vizibo ndivyo ninavyovipenda zaidi. Vioshe, ondoa vyenye kingo kali, kisha andika herufi moja ndani ya kila kimoja kwa kalamu ya wino mzito. Mtoto wa miaka 5 atavipanga mwenyewe: b, a, b, a. Mwulize sauti ya herufi, si jina lake: “b”, si “be”. Hapo wengi tunateleza. Zana ziwekwe chini, mkekani. Nimeona darasa zilikotundikwa juu ukutani: watoto walizitazama tu, hakuna aliyezigusa.